PWANI ISIYO NA CHUMVI: Shinyanga mpaka Chato kwa gari la kukodi

Leo tuziache kidogo zile habari za nani kamwacha nani kwenye mataa. Leo nakupandisha gari, funga mkanda, tunakwenda ufukweni.

Najua nikisema ufukweni na mchumba, wewe kichwani umeshafika Bagamoyo, Kigamboni au kule Paje Unguja. Sikulaumu. Mtoto wa mjini anaamini pwani bila chumvi, mnazi na pweza wa kuchoma hiyo si pwani, ni bwawa tu. Mimi mwenyewe mzaliwa wa Tanga, nimelelewa na hayo hayo. Lakini kazi imenitupa Shinyanga, mwaka wa tatu huu, na Shinyanga ndiko nilikokutana na binti nitakayemwita Kabula, Msukuma wa Sengerema. Siku moja nikiwa namtambia bahari yetu, akaniangalia kwa huruma, akasema: "Pwani gani hiyo, mtu unakaa pembeni ya maji yote yale halafu ukishikwa na kiu unakwenda kununua ya chupa?"

Utani wa Kisukuma huo, wewe acha tu. Ila hapo ndo safari ilipozaliwa. Ziwa Victoria linagawanywa na nchi tatu, na sisi Tanzania tuna kipande kikubwa kuliko Kenya na Uganda. Ufukwe upo, miamba ipo, visiwa vipo, na tangu mwaka 2025 lami haikatwi tena na maji. Tukapanga siku tano, Jumanne mpaka Jumamosi, Desemba 2025, kabla ya ile vurugu ya Krismasi ambapo kila mtu anarudi kijijini na bei za vyumba zinapanda kama homa.

Nikwambie na la pembeni, maana ndilo lililonikosesha usingizi. Mbali na pesa ya safari, nilikuwa na milioni moja nimeitunga polepole kwa ajili ya pete. Washkaji wangu wa ofisini waliposikia tunapita Geita wakaanza: "Utakuwa fala ukanunue pete dukani! Kule dhahabu inauzwa kama karanga, unapata kwa nusu bei, unampelekea fundi anakutengenezea." Kila mmoja alikuwa na binamu yake aliyefanya hivyo. Huyo binamu mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona.

GARI KWANZA

Shinyanga siyo Dar au Arusha. Hapa gari la kukodi mara nyingi ni gari la mtu, na mnaelewana naye chini ya mwembe. Tulipata Toyota IST kwa elfu 80 kwa siku, mafuta juu yetu. Wengine watakucheka kwamba IST ni gari ya kwenda saluni. Waache wacheke. Njia yote kubwa ni lami, na IST inakunywa mafuta kama kuku anavyokunywa maji. Ukitaka kuingia vijijini huko machimboni msimu wa mvua, ule udongo mweusi wa mbuga ukilowa hauna rafiki, hapo chukua gari la juu.

Kabula ndiye aliyefanya kazi ya maana. Alizunguka gari na simu anapiga picha kila mchubuko, akadai mkataba wa maandishi, akasoma stika ya bima. Mimi nilikuwa naona aibu, mwenye gari ni mtu mzima, tunamfanya kama mwizi. Yeye anauliza bila kupepesa: "Baba, hii ni bima kubwa au ndogo?" Ilikuwa kubwa. Vijana wenzangu, ulizeni swali hilo. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga, gari ulilokodi utalilipa mwenyewe hadi wajukuu. Na tairi la akiba likague kwa macho yako, libonyeze, lisiwe pambo.

Jambo lingine ni tochi. Barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza imepita katikati ya vijiji na kila kijiji kina kibao cha 50. Trafiki yupo nyuma ya mti na tochi yake, faini ni elfu 30 kwa kosa, na makosa matatu ni tanki la IST. Kila nilipokanyaga mafuta, Kabula alikuwa anataja bei ya pete. Dawa hiyo ilifanya kazi vizuri sana. Halafu kuna ng'ombe. Ng'ombe wa Kisukuma havuki barabara, anahamia barabarani, na mchungaji wake mtoto wa miaka kumi anakuangalia kama wewe ndo umeingia sebuleni kwake.

ALMASI ILIYOKWENDA HARUSINI

Watu wanapita Shinyanga wakiwa wamelala kwenye basi, wakiamka wanasema mkoa mkavu. Mkavu ni kweli, lakini angalia tena. Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi. Miti ilikatwa ovyo, kwanza kwa vita dhidi ya mbung'o, baadaye kwa pamba na kuni, hadi watu wakaanza kuiita jangwa. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI kwa kifupi, na ujanja wake ulikuwa kurudisha jambo ambalo wazee walikuwa nalo tangu enzi: ngitili. Unafunga kipande cha malisho, ng'ombe haruhusiwi mpaka kiangazi, nyasi na miti vinajiotea vyenyewe. Ukiona kijani njiani katikati ya mbuga, usidhani ni bahati. Kuna mtu alikataza ng'ombe wake wasiingie pale.

Ukifika Maganzo, kushoto na kulia ni maduka ya spea na baa, lakini kibao kinaelekeza Mwadui. Ndugu yangu, hapo ndo mwaka 1940 mjiolojia wa Kanada, Dk. John Williamson, aligundua almasi baada ya kutafuta kwa miaka. Mwaka 1947 likatoka pale jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5. Williamson akamzawadia Elizabeth, binti wa Mfalme wa Uingereza, aliyekuwa anaolewa mwaka huo huo. Likachongwa London likabaki karati 23.6, likawekwa katikati ya ua la kubana kwenye nguo, na yule bibi aliyekuja kuwa Malkia amelivaa miaka na miaka, dunia nzima imeliona.

Nilimweleza Kabula habari hiyo tukiwa tumesimama Maganzo tunanunua matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Akatafuna kwanza. Kisha akauliza, "Na huyo aliyeliokota?" Maana jiwe lile halikuruka lenyewe kutoka ardhini kumfuata daktari. Kuna mkono ulilishika kwanza. Nikamwambia jina la aliyelipewa linajulikana. Akasema, "Ndo maana nakuuliza." Tukapanda gari.

DAKIKA NNE

Kutoka Shinyanga mpaka Usagara, pale unapoachana na barabara ya Mwanza mjini, ni mwendo wa saa mbili na ushee kwa mtu anayeogopa tochi. Ukipita Misungwi mawe yanaanza. Si mawe ya kawaida, ni miamba imebebana kama mtu aliipanga halafu akasahau kuishusha. Unakata kushoto, unashuka Kigongo, na mbele yako maji.

Hapa ndipo zamani kila safari ilipokuwa inafia. Upande huu Kigongo, upande wa pili Busisi, katikati Ghuba ya Mwanza, na chombo ni kivuko. Foleni ya malori na mabasi, mama lishe, wauza sato wa kukaanga, wauza maji, wahubiri. Pamoja na kusubiri, kuvuka kulikuwa kunakula mpaka saa mbili. Juni 19, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akafungua Daraja la J.P. Magufuli, urefu kilomita 3, gharama zaidi ya shilingi bilioni 700, ujenzi ulioanza mwaka 2020. Sasa unavuka kwa dakika nne.

Nilitazama saa. Kweli dakika nne, na hapo nilikuwa natembea taratibu makusudi, dirisha wazi. Upepo wa ziwa hauna ile chumvi inayonata kwenye ngozi. Chini mitumbwi, pembeni visiwa vya mawe, nyaya za daraja zinapita juu yako kama kinubi. Kusimama juu ya daraja usithubutu. Ukitaka picha, vuka kwanza, tafuta sehemu ya usalama upande wa Busisi, jipige zote uzitakazo.

Nitasema ukweli wangu hata kama nitapigwa mawe: mimi mtalii niliutamani ule upande wa kivuko. Dakika nne ni chache mno kwa maji mazuri kiasi kile. Nilisema hivyo kwa sauti. Kabula alinyamaza mpaka tumefika Sengerema.

MAMA HATAKI KUSIKIA

Kwao ni nyumba ya bati yenye miembe mitatu. Nikamwaga salamu yangu niliyofundishwa, "Mwadila, mayu," maana ilikuwa mchana, halafu haraka nikaongeza "Shikamoo, mama" nisije nikaharibu. Mama akacheka, akasema, "Marahaba mwanangu, karibu, Kisukuma chako kina nazi."

Tukala sato na ugali wa mtama. Baada ya kula Kabula, mchokozi, akanichomea: "Mama, huyu anasema kivuko kilikuwa kizuri kuliko daraja." Mama hakukasirika. Alikunja kanga yake magotini akanisimulia usiku mmoja, ujauzito wa Kabula ukiwa na shida, wanatakiwa Mwanza hospitali, wamefika Busisi usiku wa manane, kivuko kimelala ng'ambo na upepo unavuma. Unaona taa za upande wa pili, alisema, unaziona kabisa, unaweza kuzihesabu. Walikaa kwenye pikapu mpaka alfajiri. Kabula alizaliwa asubuhi ile saa tatu, mzima, na mama mwenyewe haelewi mpaka leo iliwezekanaje. Aliyekuwa naye kwenye pikapu ile, mjamzito mwenzake wa kijiji cha jirani, hakufika.

Kukawa kimya. Kuku tu ndo walikuwa wanaongea.

Watu wa kanda hii maji wanayapenda, lakini hawayaamini. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilizama karibu kabisa na Mwanza ikaondoka na mamia ya watu. Kila familia huku ina mtu au inamjua mtu. Septemba 20, 2018 kikazama kivuko cha MV Nyerere kule Ukara, zaidi ya watu 220 wakafa, mita chache kutoka gati. Kwa hiyo mama anaposema daraja ni zuri, hazungumzii mandhari. Mimi bado nasema maji yale ni ya kuangaliwa zaidi ya dakika nne, ila sikusema tena mbele yake.

Halafu zikaja habari zetu. Mama akauliza tumefikia wapi. Nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba ninatafuta pete kwanza. "Pete," akarudia, kama mtu anayeonja chumvi. Akageukia dirishani. "Baba zake watakuuliza ng'ombe, mwanangu. Pete haitoi maziwa."

Msomaji wangu wa mjini, unacheka, lakini usiku ule nililazwa nyumbani kwa mjomba mtu, mbali na Kabula, na sikulala. Milioni moja yangu ghafla ilionekana ndogo kama sahani ya ubwabwa kwenye msiba. Ng'ombe mmoja mzuri anaweza kuimeza yote. Na ng'ombe huku hahesabiwi mmoja.

MJI UNAOLALIA DHAHABU

Sengerema mpaka Geita ni mwendo mfupi, vilima vya kijani, mihogo, mananasi barabarani. Geita yenyewe ni mkoa tangu mwaka 2012, uliokatwa kutoka Mwanza, Shinyanga na Kagera. Dhahabu hapa si ya jana. Wajerumani waliiona tangu enzi zao, Waingereza wakachimba kuanzia miaka ya 1930 mpaka mgodi ukafungwa mwaka 1966. Halafu kimya cha miaka zaidi ya thelathini, na mwaka 2000 ukaanza mgodi mkubwa wa kisasa, Geita Gold Mine, ambao leo unaendeshwa na AngloGold Ashanti na ndio mkubwa kuliko yote ya dhahabu nchini. Ukiwa mjini unaona kilima kimekatwa vidato kama ngazi ya majitu. Hicho hakikuumbwa na Mungu.

Wapenzi wa soka mnaijua Geita kwa lingine. Geita Gold walipanda Ligi Kuu mwaka 2021, na msimu wa 2021/22 straika wao George Mpole akafunga 17 na kuchukua kiatu cha dhahabu mbele ya Fiston Mayele wa Yanga. Fikiria, kiatu cha dhahabu kinakwenda Geita! Mwaka 2024 wakashuka. Mwadui nao walikuwa wameshuka mwaka 2021, na Stand United, Chama la Wana, wa pale Shinyanga, habari zao ni hizo hizo. Huku timu zinapanda na kushuka kama ndoo ya duara.

Duara, kwa usiyejua, ni shimo la mchimbaji mdogo. Lugha ya huku tamu. Mawe yanapelekwa kwenye karasha yakasagwe, unga unakwenda mwaloni ukachenjuliwe, mabaki yanaitwa marudio na yenyewe yana wateja wake. Mwalo! Neno lile lile ambalo mvuvi analiita anaposhusha dagaa. Ukimwuliza mtu wa Geita "mwalo uko wapi", lazima akuulize kwanza unatafuta samaki au dhahabu.

Tulichukua vyumba viwili kwenye gesti. Ndiyo, viwili, usiniulize. Kabula alisema hajatoka kwa mama yake leo asubuhi ili jioni afanye hayo. Mhudumu alituangalia kama watu waliogombana.

Jioni tukaenda kuchungulia soko la madini, lililofunguliwa mwaka 2019, ambapo mchimbaji mdogo anauza dhahabu yake mezani, mizani ya serikali ipo, mrabaha unakatwa hapo hapo. Mwaka huo huo serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo ile VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, ndipo watu wakaona afadhali kuingia sokoni kuliko kuuzia gizani. Nikatarajia vioo na mikufu. Wapi! Ni vyumba vya wanunuzi wenye leseni, mizani, kikokotoo, na bei ya dunia inayobadilika kila kukicha. Oktoba 2025 wakia moja ya dhahabu, yaani kama gramu 31, ilivuka dola 4,000 kwa mara ya kwanza. Piga hesabu mwenyewe kwa shilingi yetu: gramu moja safi wakati huo ilikuwa inacheza kwenye laki tatu na kitu. Pete hakuna.

PANCHA YA KATORO

Katoro ukiikuta kwenye ramani ni nukta. Ukiikuta barabarani ni jiji lisilo na adabu. Imeungana na Buseresere, huwezi kujua unatoka wapi unaingia wapi. Maduka, muziki, bodaboda, vitenge, pesa inatembea kwa miguu. Pesa ya dhahabu haijui kutulia. Vijana wenye tope la duara kwenye viatu wanaagiza nyama choma ya meza nzima saa nne asubuhi.

Tairi la nyuma likaisha upepo hapo. Wakati fundi anaziba pancha, kijana mmoja mstaarabu, shati safi, akatusogelea. Sijui alijuaje. Labda mtu anayetafuta pete anaandikwa usoni. Akafungua kikaratasi cha nailoni, ndani kuna punje kama ya maharage, njano, imekwaruza kwaruza. "Bro, gramu tano. Nina mgonjwa. Nipe laki saba tu."

Gramu tano kwa laki saba! Bei ya sokoni ingepita milioni na nusu. Moyo wangu ulidunda, si kwa pete tu. Ile tofauti ni ng'ombe mzima, ng'ombe ananitazama kutoka kwenye kile kikaratasi. Pesa ilikuwa kwenye simu, ni kubonyeza tu.

Kabula akaipokea. Kaka yake aliwahi kufanya kazi za karasha, kwa hiyo anajua anachokitazama. Akaipimapima mkononi, akaikwaruza kwa ukucha, akauliza kwa Kisukuma maswali mawili matatu. Kisha akamrudishia kwa adabu kabisa, na kwa Kiswahili ili nisikie: "Kaka, soko liko Geita, na hapa Katoro wanunuzi wa leseni wapo. Kama ni kweli, kule utapata mara mbili. Kwa nini unatupenda sisi kiasi hiki?"

Kijana akacheka. Hakuchukia hata kidogo. Akasema "Dada umetisha," akakunja kikaratasi chake akatokomea.

Inaweza kuwa ni shaba iliyong'arishwa. Inaweza kuwa ni dhahabu kweli, imeibwa kwenye mwalo wa mtu. Vyote viwili vina mwisho mbaya, maana kununua madini bila leseni nje ya utaratibu ni kosa la jinai, yanataifishwa na wewe unapelekwa ukaeleze. Na hata ikiwa halali, ile dhahabu ya mwaloni imepita kwenye zebaki. Watu wanaishika kwa mikono mitupu, wanaichoma jikoni, moshi wanauvuta na watoto wao wamo humo humo. Kabula aliniambia kaka yake siku hizi mikono inamtetemeka anaposhika kikombe. Hakuniambia tena zaidi ya hapo, na sikuuliza.

Fundi wa pancha alidai elfu tatu.

CHATO, NA SOKWE WALIOTOKA ULAYA

Baada ya Katoro barabara inalegea, inapumua. Unaanza kuliona ziwa tena upande wa kulia, linajificha nyuma ya migomba linatokeza. Chato ni mji wa hayati Rais John Magufuli. Alizaliwa huku mwaka 1959, na alizikwa huku Machi 26, 2021. Watu bado wanakwenda kaburini, wa kumlilia na wa kushangaa tu. Barabara pana, uwanja wa ndege, taa za barabarani katika mji ambao unaweza kuuvuka ukiwa bado unatafuna muwa ule ule. Kila mtu ana maoni yake juu ya hayo, na nimegundua Chato si mahali pa kuyatoa kwa sauti.

Jioni ndo uhondo. Tulikaa ufukweni, mchanga mweupe, sangara wa kuchoma mbele yetu. Samaki huyu mwenyewe ni mgeni, aliletwa ziwani miaka ya 1950 enzi za mkoloni, akawala wenyeji akatajirisha viwanda. Siku hizi bondo lake, kile kipuliza cha tumboni, linasafirishwa mpaka China na kwa kilo bei yake inaiacha nyama mbali kabisa. Dhahabu nyingine hiyo. Giza lilipoingia, mwezi haukuwepo, taa za wavuvi wa dagaa zikaanza kuwaka mbali majini. Kumi, hamsini, zikawa nyingi mpaka ikaonekana kama kuna jiji ng'ambo. Mwezi ukiwa mkubwa hawaendi, dagaa hafuati taa. Kwa hiyo, mpenzi msomaji, panga safari yako kwa kuangalia mwezi. Usiende na mbalamwezi kama kwenye nyimbo, nenda na giza.

Nilimwambia Kabula kwamba Tanga hatuna hii. Akasema anajua.

Kuogelea, angalieni. Kwenye matete na maji yaliyotuama kuna kichocho, na sehemu nyingine kuna mamba. Uliza wenyeji, usijifanye shujaa.

Kesho yake tulikwenda Rubondo. Boti ya watu wawili ingekula pesa ya pete, lakini pale Kasenda, karibu na Muganza, tukakutana na walimu wanne wanaotafuta wa kuchangia nao. Rubondo ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977, kisiwa cha msitu mzito, hakuna simba wala chui. Kuna nzohe, yule swala wa majini mwenye kwato ndefu, ambaye ni mwenyeji wa pale tangu asili. Tembo na twiga waliletwa. Na sokwe, hapa sikiliza: kati ya mwaka 1966 na 1969 mtaalamu wa Ujerumani Bernhard Grzimek na wenzake waliwaleta sokwe 17 waliokuwa wamekamatwa wadogo Afrika na kufungiwa Ulaya. Wakawafungulia milango. Viumbe waliokuwa wanalishwa kwa ratiba wakaingia msituni, wakajifunza kula, wakajenga vitanda vyao juu ya miti, wakazaa. Wajukuu zao wapo mpaka leo.

Hatukuwaona. Tulisikia tu kelele yao, mbali, kama watu wanaogombania kiti cha basi. Mwalimu mmoja akasema haidhuru, na wao hawajatuona.

SONARA WA MWANZA

Jumamosi tukageuza kichwa cha gari, dakika nne zetu za daraja tena, safari hii Kabula ndiye anaendesha na mimi ndiye wa dirishani. Tukaingia Mwanza mjini, tukapiga picha ya lazima na Jiwe la Bismarck, halafu tukaingia kwa sonara mwenye duka, mizani na risiti.

Kulikuwa na pete ya gramu tatu na nusu, nzito, nzuri. Ingeikomba milioni yote na nisingepata chenji ya soda. Kabula akaivaa, akainyoosha mkono, akaivua. Akachukua nyembamba, karati 18, gramu mbili kasoro, pamoja na ufundi laki tano na elfu sitini. Sonara akasema bibi arusi huwa hachagui ndogo. Kabula akamwambia aandike risiti.

Nje, kabla hatujawasha gari, nikamuuliza hiyo laki nne na elfu arobaini iliyobaki tunaifanyia nini. Akaniangalia kama siku ile ya maji ya chupa.

"Nusu ya mtamba hiyo," akasema. "Nusu nyingine utapata mshahara lini?"